Miwani ya VR na pedi za mwendo: Mwenye banda la gemu Arusha afanye hesabu kwanza

ARUSHA. Katika mabanda ya gemu ya Ngarenaro, Unga Limited, Kaloleni na Sakina, kitu kinachoingiza fedha ni kilekile cha miaka yote: televisheni moja, PlayStation moja, pedi mbili na mchezo wa mpira wa miguu. Anayefungwa ndiye anayelipa, na walio kwenye benchi wanasubiri zamu huku wakichangia kelele. Biashara hii imewasomesha watoto wa watu na imelipia kodi za fremu nyingi, ingawa haitajwi katika ripoti yoyote kubwa ya uchumi.

Swali linalowagusa sasa wenye mitaji midogo mjini hapa ni kama wakati umefika wa kuingiza bidhaa mpya kwenye mabanda hayo, yaani miwani ya VR, ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaiita miwani ya uhalisia pepe, pamoja na pedi zake zinazofuata mwendo wa mikono. Bei ya miwani hiyo imeshuka kiasi cha kumfikia mfanyabiashara wa kawaida, na vijana wanaiona kila siku kwenye simu zao. Lakini bei ya kununulia ni sehemu ndogo tu ya hesabu, na walioangalia bei peke yake huko nje wamepoteza fedha nyingi.

BIDHAA YENYEWE

Miwani ya VR ni boksi linalofungwa usoni kwa mkanda. Ndani kuna vioo viwili vidogo vya picha, au kimoja kilichogawanywa, na lenzi mbele ya kila jicho. Kila jicho linaona picha yake iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo unaziunganisha na kuona kina, kama unavyoona chumba halisi. Mtu akigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Kazi hiyo inafanywa na vipima mwendo vidogo pamoja na kamera zilizo upande wa nje wa boksi, zinazotazama kuta na samani ili kujua kichwa kimesogea kiasi gani.

Pedi zake ndizo zenye ufundi zaidi. Kila mkono unashika ya kwake. Ndani ya pedi kuna kipimo cha kasi na kipimo cha mzunguko, kama vile vilivyomo katika karibu kila simu ya kisasa, na juu yake kuna taa ndogo za mwanga usioonekana kwa macho. Kamera za miwani zinaziona taa hizo na kukokotoa mkono uko wapi. Vipimo vya ndani vinajibu haraka lakini vinapotea njia baada ya muda mfupi, na kamera ndizo zinazovirudisha kwenye mstari. Ndiyo maana mchezaji akificha mkono nyuma ya mgongo, mkono wake ndani ya mchezo huanza kuyumba.

Mfanyabiashara wa Arusha anapaswa kuelewa jambo hilo kabla ya kununua, kwa sababu mbili. Kwanza, jua kali linavuruga kamera hizo, na giza pia linazivuruga. Banda la turubai lililo wazi mchana kweupe halifai. Tena jua likipenya moja kwa moja kwenye lenzi, hata kwa muda mfupi, lenzi hulikusanya kama kioo cha kukuzia na kuunguza kioo cha picha kilicho nyuma yake. Miwani iliyoachwa imeangalia juu kwenye meza ya nje, saa saba mchana, inaweza kuwa imekwisha kazi ifikapo saa nane. Pili, vumbi. Lenzi ni za plastiki na zinakwaruzika. Hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, si kwa spiriti wala ncha ya fulana.

AHADI YA MIAKA THELATHINI

Wanaosema bidhaa hii ndiyo ya kesho wanasema kweli, ila wamekuwa wakisema hivyo tangu mwaka 1995. Mwaka huo kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Virtual Boy, boksi la kuchungulia lenye picha nyekundu tupu, na kufikia mwaka 1996 lilikuwa limeondolewa sokoni baada ya kuuza chini ya milioni moja.

Wakati huo Tanzania Bara televisheni zenyewe zilikuwa zimeanza tu kurusha matangazo, mwaka 1994, kupitia makampuni binafsi. Wakongwe wa biashara ya elektroniki watakumbuka kuwa mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa kompyuta na televisheni, hivyo soko letu liliukosa mwanzo wote wa michezo hii na kuingia katikati, kwa kasi, kwa njia ya PlayStation za mitumba.

Mwendo wa mikono ndio uliotangulia kufanikiwa. Nintendo Wii ilitoka mwaka 2006 na kuuzwa zaidi ya milioni 101 duniani, ikitumia kishikio chenye kipimo cha kasi na kamera iliyotazama taa ndogo zilizowekwa juu ya televisheni. Wazee waliokuwa hawajawahi kushika pedi waliweza kucheza tenisi sebuleni. Mwaka 2010 Sony ilijibu kwa PlayStation Move, na Microsoft ikaja na Kinect, kamera iliyousoma mwili mzima bila kushika kitu chochote. Kinect iliuza milioni 8 katika siku 60 za kwanza. Mwaka 2017 Microsoft iliacha kuitengeneza. Watu walikuwa wameinunua kwa mshangao, wakaruka nayo kwa majuma machache, kisha wakarudi kwenye kochi na pedi ya kawaida.

Mwenye banda na auweke akilini mfano huo wa Kinect, kwa sababu unafanana mno na hali ya VR.

Wimbi la sasa lilianza mwaka 2012, pale kijana wa Marekani, Palmer Luckey, alipochangisha fedha kwa umma ili kutengeneza miwani ya Oculus Rift. Machi 2014 Facebook ilitangaza kuinunua Oculus kwa dola bilioni 2. Mwaka 2016 zilitoka Rift, HTC Vive na PlayStation VR, zote zikihitaji kompyuta ya nguvu au PlayStation 4 pamoja na nyaya nyingi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2019 na Oculus Quest, miwani inayojitegemea isiyohitaji kompyuta wala waya. Quest 2 ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299, Quest 3 Oktoba 2023 kwa dola 499, na Quest 3S Oktoba 2024 kwa dola 299 tena.

HASARA INAYOMFAIDI MNUNUZI

Bei ya dola 299 haikutokana na wepesi wa kutengeneza. Kampuni ya Meta, jina jipya la Facebook tangu Oktoba 2021, imekuwa ikiibeba biashara hii kwa hasara. Kitengo chake cha miwani kilipata hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Kwa lugha ya sokoni, mwenye mali anauza chini ya gharama zake akitarajia kurudisha fedha kwenye gemu zitakazonunuliwa baadaye.

Hali hiyo humfurahisha mnunuzi kwa muda. Tatizo ni kwamba muuzaji wa namna hiyo akichoka, bei inapanda au bidhaa inaachwa. Tayari ilitokea Agosti 2022, Quest 2 ilipopandishwa kutoka dola 299 hadi 399 ikiwa na umri wa karibu miaka miwili. Januari 2026 Meta ilipunguza wafanyakazi wa kitengo hicho na kufunga baadhi ya makampuni yake ya kutengeneza gemu za VR, huku ikielekeza nguvu kwenye miwani myepesi ya kuvaa mtaani inayotengenezwa pamoja na wenye Ray-Ban. Miwani hiyo ya mtaani ni biashara nyingine kabisa; haichezi gemu za namna inayohitajika katika banda.

Sony nayo haikupata njia laini. PlayStation VR2 ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, zaidi ya bei ya PlayStation 5 yenyewe kwa wakati ule, na ilipotoka ilikuwa ni lazima kuwa na PlayStation 5 hiyo. Machi 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kuwa utengenezaji ulisimamishwa kwa muda hadi mrundikano wa mali uishe. Machi 2025 bei ikashushwa hadi dola 399.99. Aliyekuwa amejaza stoo kwa bei ya zamani alijikuta na mali iliyopoteza zaidi ya robo ya thamani yake kwa tangazo moja.

Apple ilijaribu upande wa matajiri kwa Vision Pro ya dola 3,499, Februari 2024. Samsung ikafuata Oktoba 2025 na Galaxy XR ya dola 1,799. Hizo si bidhaa za mabanda, wala hakuna sababu ya kuzijadili zaidi hapa, isipokuwa kwa jambo moja linalohusu pedi, litakaloelezwa mbele.

GHARAMA HADI ARUSHA

Tuchukue Quest 3S kwa bei iliyotoka nayo, dola 299, na kwa urahisi wa hesabu dola moja iwe Sh. 2,500/=. Tuongeze dola 40 za usafirishaji na bima. Thamani ya kufikia bandarini au uwanja wa ndege inakuwa dola 339, sawa na Sh. 847,500/=.

Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, kutegemea fungu ambalo bidhaa inawekwa. Miwani ya VR ni bidhaa yenye sura mbili: inaweza kuonekana kama mashine ya michezo au kama kifaa cha kompyuta, na mwagizaji ni vyema amuulize wakala wake wa forodha kabla ya kulipa mtengenezaji, si baada. Likiwa fungu la asilimia 25, ushuru ni Sh. 211,875/=, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, yaani Sh. 190,687/=. Jumla inafika kama Sh. 1,250,000/=. Likiwa fungu la sifuri, VAT pekee inafikisha mzigo kama Sh. 1,000,000/=. Bado hapo hazijaingia tozo ndogondogo na malipo ya wakala.

Wapo wanaofikiri njia ya mkato ni Namanga, kilometa kama 110 kutoka mjini, kwamba mtu anaweza kununua Luthuli Avenue, Nairobi, na kuvuka nayo kwa ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Utaratibu huo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Miwani iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imelala dukani Nairobi. Mwenye haraka ataishia kuiacha mali yake kwenye ghala la forodha.

Zaidi ya hayo, bidhaa hii haikukusudiwa soko letu. Tanzania haimo katika nchi ambazo mtandao wa PlayStation unahudumia. Barani Afrika kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini tu. Vijana wa Arusha hufungua akaunti kwa anwani za nchi nyingine, na wengi hawajapata shida. Lakini Mei 2024 mchezo wa Helldivers 2 uliondolewa katika mauzo ya kompyuta kwenye nchi na maeneo 177 kwa sababu tu hayakuwa na mtandao huo. Miwani ya Quest nayo haifunguki bila akaunti ya Meta. Dhamana ya mtengenezaji haimfikii mnunuzi wa hapa, na kioo kikipasuka ni chake.

Anayenunua ya mitumba, iwe Kariakoo au Dubai, ahakikishe mwenye zamani ameiondoa kwenye akaunti yake na kwamba inawaka hadi mwisho mbele ya macho yake. Pia ajihadhari na miwani za bei ya kutupa zilizotengenezwa na HP, Acer, Lenovo na wenzao kwa mfumo wa Windows Mixed Reality. Microsoft iliuondoa mfumo huo katika Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024. Boksi linaweza kuwa jipya kabisa, nailoni haijatolewa, na bado lisifanye kazi kwa kompyuta iliyosasishwa. Quest ya kwanza, ya 2019, nayo imeachwa bila huduma tangu 2024.

HESABU YA BANDA

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Tofauti ya msingi kati ya PlayStation na miwani ya VR ni idadi ya watu. Televisheni moja huwachezesha wawili na kuwaburudisha kumi. Miwani humchezesha mmoja, na kumi waliobaki wanamwona mtu akipunga mikono hewani. Inawezekana kurusha picha yake kwenye televisheni, na bila kufanya hivyo biashara haina mvuto wowote kwa wanaopita, lakini hata hivyo hakuna wa kumshangilia wala wa kumzomea kwa kufungwa.

Halafu nafasi. Mchezo wa kusimama na kurusha mikono unahitaji eneo lisilo na kitu la mita mbili kwa mbili. Fremu ya mita tatu kwa tatu, inayobeba televisheni nne na mabenchi yake, inamezwa yote na mchezaji mmoja.

Tuweke takwimu za mfano, kila msomaji abadilishe kwa hali ya mtaa wake. Dakika kumi za VR zitozwe Sh. 2,000/=. Kila mteja mpya anahitaji dakika kama tano za kufutiwa miwani, kufungiwa mkanda na kuelezwa vitufe. Kwa saa moja yenye foleni wanaingia wateja wanne. Wakipatikana 12 kwa siku, mapato ni Sh. 24,000/=. Msimamizi hawezi kufanya kazi nyingine kwa sababu lazima amlinde mchezaji asigonge ukuta, alipwe Sh. 8,000/=. Pango na mengineyo Sh. 4,000/=. Zinabaki Sh. 12,000/= kwa siku, na mtaji wa Sh. 1,250,000/= unarudi baada ya siku kama 104 za kazi.

Hesabu hiyo inapendeza mno, na ndiyo inayowaponza watu. Imechukulia kuwa wateja 12 watakuja siku ya mia moja kama walivyokuja siku ya tano. Mtaa una watu walewale. Wakishaonja mara moja au mbili, mshangao umekwisha, na VR haina mpira wa kuwarudisha: mchezo wa EA Sports FC, ambao ndio roho ya mabanda yetu, hauchezwi kwa miwani hiyo. Vinavyouzwa zaidi ni vya namna ya Beat Saber, wa kukata vibao kwa mdundo wa muziki, na kwa upande wa PlayStation ni mbio za magari za Gran Turismo 7. Ni gemu nzuri, ila si za ligi ya mtaa. Wateja wakishuka hadi watano kwa siku, mapato ni Sh. 10,000/= dhidi ya gharama za Sh. 12,000/=. Ikitokea hivyo baada ya siku 60, zitakuwa zimerudi Sh. 720,000/=, na zilizobaki hazirudi.

Kwa upande wa pili, televisheni moja ya PlayStation yenye mechi 30 kwa siku za Sh. 500/= inaingiza Sh. 15,000/=. Ikibeba robo ya gharama zilezile za Sh. 12,000/= kwa kuwa fremu ina televisheni nne, nayo inabakiza Sh. 12,000/=. Faida ya siku ni ileile; isipokuwa hii inaendelea mwakani, na kwa kuwa Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 huko Olmoti kwa ajili ya mashindano ya AFCON 2027, hamu ya mpira haielekei kupungua.

Ipo sehemu moja ambapo miwani inaishinda PlayStation, nayo ni umeme. Quest 3S hukaa na chaji kama saa mbili na nusu, na kwa betri ya pembeni huongezeka. Umeme ukikatika Kijenge nzima, miwani inaendelea kutoza.

MIWANI INAYOSAFIRI

Kama tatizo la bidhaa ni kwamba watu huichoka, njia ya busara ni kuipeleka kwa watu wapya kila mara, kama yalivyofanya magari ya sinema zamani, yaliyofika kijijini jioni na kuondoka asubuhi kabla filamu haijazoeleka. Miwani moja, betri ya akiba, televisheni ndogo na hema lenye kivuli kizito vinaingia kwenye buti la gari. Siku za soko za Tengeru na Ngaramtoni, maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, Njiro, sherehe za watoto, mahafali ya shule za Usa River na msimu wa Krismasi: huko kila mteja ni wa mara ya kwanza na yuko tayari kulipa. Gemu zikishapakuliwa nyumbani, nyingi huchezeka bila intaneti. Miwani inayofanya kazi siku nane nzuri kwa mwezi inaweza kurudisha zaidi ya ile inayosubiri wateja kwenye fremu siku zote 30, wala hailipi pango.

Makampuni ya utalii yamezungumzwa sana kama wateja. Mtalii aliyekwisha kufika Arusha anauona Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,560, kwa macho yake bila kulipia boksi, mawingu yakiruhusu. Anayehitaji miwani ni yule aliye Berlin au London ambaye hajaamua aende wapi, na huyo anapatikana kwenye maonyesho ya utalii ya huko. Kampuni inayokwenda ITB Berlin kila mwaka inaweza kufaidika na filamu ya nyuzi 360 ya Ngorongoro. Nairobi ipo kampuni ya BlackRhino VR inayofanya kazi za namna hiyo. Kwa mfanyabiashara wa gemu, hilo ni soko la watu wengine.

USAFI NA AFYA

Miwani moja ikivaliwa na watu 12 kwa siku ni njia nyepesi ya kupitisha macho mekundu na fangasi wa ngozi. Sponji ya usoni hunyonya jasho. Inafaa kuwa na kava za kufutika na karatasi za usoni za kutupa, na mwenye jicho jekundu asiruhusiwe hata akiweka noti mezani. Julai 2021 kampuni ya Facebook yenyewe ililazimika kutoa kava za silikoni bure kwa mamilioni ya wenye Quest 2 baada ya malalamiko ya kuwashwa ngozi.

Lipo pia suala la kichefuchefu. Macho yanauambia ubongo kuwa mtu anakimbia, lakini sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mwendo, linasema amesimama. Mgongano huo huwapata baadhi ya watu kama unavyowapata abiria wa boti ya Zanzibar siku ya upepo. Mteja wa kwanza apewe mchezo wa kusimama mahali pamoja, si wa kuruka maghorofa. Akitapika ndani ya fremu, siku imekwisha. Meta inataka umri usiopungua miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, na Sony imeweka miaka 12. Watoto wadogo ndio watakaosukumana zaidi mlangoni, na hapo mwenye banda atapimwa.

Aidha, atakayetaka kuvutia wateja kwa kutoa zawadi za fedha kwa washindi aelewe kuwa anakaribia mipaka ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo leseni na kodi zake ni za aina nyingine.

FAIDA ILIYO MEZANI KWA FUNDI

Katika mambo yote haya, upande wenye mustakabali ulio wazi zaidi ni ule usiosemwa sana: pedi. Miwani huja na kuondoka, lakini vipima mwendo vilivyoanza kwa kelele kwenye Wii vimehamia kimyakimya ndani ya pedi za kawaida. Tangu mwaka 2006 pedi za PlayStation zinavyo, na Nintendo Switch vilevile. Hata Apple, iliyotoa Vision Pro ya kuongozwa kwa macho na vidole vitupu, iliruhusu mwaka 2025 pedi za PlayStation VR2 zitumike nayo. Kidole kisicho na kitufe hakifai kwa mchezo wa kasi.

Na pedi huharibika. Kijiti cha kidole gumba cha DualShock 4, kama cha Joy-Con, hupima nafasi kwa kipande cha chuma kinachosugua mstari wa kaboni. Kaboni inalika, vumbi linaingia, na mchezaji anaanza kutembea peke yake uwanjani. Katika banda lenye mechi 30 kwa siku, ugonjwa huo hauna mwaka. Vipo sasa vijiti vya sumaku, ambavyo havisuguani na chochote na hudumu zaidi, ingawa hata Switch 2 ya Juni 2025 haikuviweka. Fundi mwenye kisu cha moto, risasi na mkono mtulivu anaweza kubadilisha kijiti ndani ya saa moja.

Vijiti hivyo ni vidogo, mamia yake huingia kwenye boksi la viatu, havina betri ya kusumbua shirika la ndege, na wala havisubiri akaunti ya mtu yeyote Marekani. Agizo la leseni za biashara la Julai 2025 liliweka ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki miongoni mwa shughuli zisizoruhusiwa kwa wasio raia, hivyo ushindani ni wa Watanzania wenyewe. Pedi za Quest nazo zina vijiti, na kila moja inakula betri moja ya saizi AA. Anayekodisha miwani anahitaji za kuchaji, jozi tatu kwa uchache, ili zamu isisimame.

Kuhusu bei za mashine zenyewe, mwenendo wa zamani umegeuka. PlayStation 2 ilianza dola 299 mwaka 2000 na kushuka hadi dola 99 mwaka 2009, ndiyo maana ilifika hadi mabanda ya mwisho ya barabara ya Namanga. PlayStation 5 imefanya kinyume: Agosti 2025 bei yake Marekani ilipandishwa kwa dola 50, na Xbox ilipandishwa mara mbili ndani ya mwaka huohuo. Mwenye PlayStation 4 zinazofanya kazi Ngarenaro asizitoe kwa bei ya hasara ili apate nafasi ya miwani. Anayetaka kuijaribu VR aanze na moja, ya kusafiri nayo, na ainunue walau mwezi mmoja kabla ya Nane Nane, ili wakala wa forodha na mafundi wa mkanda wapate nafasi ya kukosea mapema.